Daktari Aliyekataa Ndiyo ya Heshima

Ukimjibu "ndiyo, daktari" upesi mno, alikunja uso kama mtu aliyetafuna kokwa ya ndimu.

"Hiyo ni ndiyo ya heshima," alikuwa akisema. "Heshima zenu nimeshiba. Nataka ndiyo ya mtu aliyeelewa."

Wengi tulimwona hana adabu. Kwetu Msambweni daktari anaposema humkatizi. Unainamisha kichwa, unasema haya, sawa, shukran, Mungu ni mmoja; kisha unarudi nyumbani ukafanye ulilokusudia tangu ulipoamka. Hakuna aliyegombezwa, hakuna aliyeaibishwa, na kila mtu kabaki na amani yake. Yeye aliikuta amani hiyo akaikataa. Alimkalisha mama wa watu, akamweleza ugonjwa wa mwanawe, kisha akakunja mikono na kusema: "Sasa nieleze mimi. Jifanye mimi ndiye mgeni, nimeingia sasa hivi, sijui lolote." Mama akitabasamu kwa haya, yeye alingoja. Alijua kungoja. Angengoja mpaka tabasamu liishe lenyewe usoni na hofu ionekane chini yake, na hapo ndipo alipoianza kazi.

Sitamtaja jina. Madaktari wengine wa hospitali yetu walikuwa na vitambulisho: daktari wa meno, daktari mfupi, daktari wa zamu ya Jumapili. Yeye aliachiwa neno lenyewe, Daktari, wala hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa mtu wa bara, na zaidi ya hapo hakupenda kuulizwa. Mtu aliyewataka watu wote wamuulize maswali, yeye mwenyewe alikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha. Niliwahi kumuuliza kama ana watoto. Aliniuliza kama nimekula.

Tulimfahamu kwa miaka kwa sababu alipanga nyumba iliyo nyuma ya yetu, ukuta wa mawe ya matumbawe ukitutenganisha. Kisa chake cha kwanza nasi kilikuwa cha jogoo. Mama yangu alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye sauti ya mnadi, aliyewika saa yoyote roho yake ilipopenda. Daktari alikuja mlangoni adhuhuri moja, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Hodi. Shikamoo, mama. Nimekuja kushtaki."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wamshtaki nani?"

"Jogoo."

Mama alimtazama kwa huruma. "Jogoo hana saa, mwanangu. Akikosea hujui, akipatia hujui. Kaa unywe chai."

Akakaa, akanywa, akala mihogo ya nazi sahani nzima, akaondoka akiapa kwamba siku moja atamchoma sindano ndege yule. Mtu aliyeweza kushika kichwa cha kichanga asiyepumua na mikono isitikisike, aligombana na kuku miaka yote aliyokaa pale. Alikuwa na hasira za karibu. Zilipanda kwa vitu vidogo, mlango uliobamizwa, foleni iliyorukwa, mtu aliyesema "mtoto tu." Mambo makubwa yalipokuja alitulia kabisa. Ukimwona mtulivu, uliogopa.

Watoto hakuwaficha. Alipokuwa na sindano mkononi alisema, "Itauma. Itauma kama siafu, haitauma kama nge." Watoto walilia kabla hata hajawagusa, na mama zao walimlaumu kwamba mganga gani huyu anayetia watu kiwewe. Lakini niliona kwa macho yangu mtoto akimnyooshea mkono, akilia, na kuuliza katikati ya kilio: "Siafu mmoja au wengi?" Naye akajibu kwa makini, kama aliyeulizwa na profesa: "Wawili. Wa pili mdogo."

Alipenda viazi karai vya kandokando ya barabara, vile vyekundu vinavyochuruzika mafuta, ambavyo wodini alivipiga vita. Alikuwa akivila amewapa mgongo wapita njia. Alijifunza Kidigo kwa kukisema vibaya mbele za watu bila aibu, na vikongwe walikuwa wakimngoja kwenye benchi la hospitali ili wapate kucheka. Alichelewa harusi zote alizoalikwa. Maziko hakuchelewa.

Na alikuwa na neno moja lililowaudhi watu kuliko yote: "Sijui." Alilisema wazi, bila kushusha sauti. Mama yangu, aliyempenda, hakuwahi kumsamehe kwa hilo. "Mtu katoka kwake na mtoto mgongoni," alisema, "kapanda, kashuka, kakaa jua lote, aambiwe sijui? Si bora angebaki nyumbani, kwake pia wasiojua wapo."

Ile desturi yake ya kukataa ndiyo ya haraka haikutoka vitabuni. Wauguzi walinisimulia. Alipokuwa mgeni, alikuja baba mmoja wa kule ndani, ng'ambo ya Lunga Lunga, na mtoto aliyehitaji kupasuliwa. Daktari alieleza, baba akasema ndiyo. Akaeleza mara nyingine, akasema ndiyo kwa sauti kubwa zaidi. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Aliwafuata kwa gari la hospitali, akiwa amejaa ghadhabu, akawakuta wameketi uani kwa utulivu. Baba yule alishangaa kuona daktari amekasirika. Alikuwa amesema ndiyo kwa sababu ni vibaya kumkatalia mtu aliyekukaribisha. Neno lenyewe halikuwa lake kulitoa. Lilikuwa la mjomba wa mtoto, na mjomba alikuwa bado hajaambiwa. Mjomba akaitwa, akaambiwa, akauliza maswali mawili ya maana, akasema haya, mpelekeni. Basi.

Tangu siku hiyo, karatasi za hospitali zilipouliza jina la baba, yeye aliuliza pia: "Na mjomba yuko wapi?" Kwetu Wadigo mtoto hubeba jina la baba na kufuata upande wa baba katika mengi, lakini jambo likiwa zito, bado kuna macho yanayogeuka taratibu kumtafuta ndugu wa mama. Vijana hatulisemi sana. Nilidhani ni habari za wazee, mpaka macho yaliponigeukia mimi.

Riziki ni mtoto wa dadangu Mwanasiti. Wakati ule alikuwa wa darasa la kwanza, mwenye mdomo mkubwa na magoti yenye makovu. Homa ya matumbo ilimtoboa utumbo. Akapasuliwa, akapona upasuaji, kisha akakaa wodini muda mrefu sana, na mrija shingoni wa kupitishia chakula na dawa. Tulipoanza kuzungumza habari za kumrudisha nyumbani, homa ikapanda upya. Dawa zilizokuwa zikimsaidia hazikumsaidia tena. Alikuwa akilala macho nusu wazi, na ukimwita aligeuka polepole, kama anayeitwa kutoka ng'ambo.

Damu yake ilipelekwa Mombasa kupimwa. Jibu likarudi na neno ambalo sote tulilijua: fangasi.

"Fangasi?" Mama yangu alishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nami nikidhani ni jambo. Si hizi hizi za vidoleni? Ndimu ninayo, kitunguu saumu ninacho."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama, ile ya vidoleni ni mgeni wa barazani. Anakaa nje, anakera, ukimfukuza anaondoka. Huyu ameingia ukumbini, amepita chumbani, amefungua kabati. Yumo ndani ya damu. Anatafuta pa kukaa. Macho, moyo, figo, popote."

Mama alimtazama usoni. Aliuona ule utulivu. Nikaona mkono wake unatafuta ncha ya leso yake na kuishika.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya manjano, ikining'inia katika mfuko uliofunikwa kwa sababu haipendi mwanga. Wauguzi waliiita Tetemeko. Ilipoanza kuingia mwilini, Riziki alitetemeka mpaka kitanda chenyewe kikawa kinalia, na Mwanasiti alimlalia miguuni ili kumzuia, akimwimbia wimbo wa kubembeleza kwa sauti isiyokuwa na pumzi. Kila mara tuliambiwa dawa ile ni kali lakini inajua kazi. Kisha mkojo wa mtoto ukaanza kupungua, na Daktari akasema figo zinachoka, na damu ikipimwa fangasi bado yumo. Akabadilisha dawa. Ya pili haikuleta tetemeko, wala haikuleta nafuu. "Huyu wa Riziki," alisema, "amezizoea dawa zetu kama paka anavyozoea kufukuzwa jikoni. Anasogea kidogo, anarudi."

Ndipo alipotuita, dadangu, shemeji yangu na mimi, katika chumba kidogo cha kuhifadhia mashuka. Shemeji yangu, Baba Riziki, ni fundi wa mashine za boti kule Bodo, mtu wa maneno machache na mikono iliyopauka kwa petroli. Mimi nilikuwa nimetoka kazini Galu, nimevaa bado sare ya hoteli, kile kibandiko cha jina kifuani. Nilitaka kukibandua nikasahau.

"Iko dawa nyingine," Daktari alisema. "Haiuzwi popote. Bado inachunguzwa. Watu wazima wamepewa, na wengine wamepona waliokuwa hawaponi. Watoto ni wachache mno, na wa umri wa Riziki nimewasikia kwa uchache wa kutisha. Kipimo chake kwa mwili mdogo hivi ni cha kukisia kwa hesabu. Nimekikokotoa na wenzangu wa Mombasa na Nairobi, na walioitengeneza wamekipitia. Nimeomba waitoe kwa ajili yake yeye peke yake, na wakubwa wanaosimamia dawa wameniuliza maswali mengi, na nadhani watakubali. Inaweza kumwokoa. Inaweza isifanye chochote. Inaweza kumdhuru kwa namna ambayo mimi leo siijui kuitaja."

Shemeji yangu akasema hapo hapo, "Ndiyo. Apewe."

"Hapana."

"Hapana nini, Daktari? Si wewe unayesema?"

"Hiyo ya leo siichukui. Nendeni mkale. Mje kesho, kila mtu aniambie kwa kinywa chake ni kitu gani tunamfanyia huyu mtoto."

Baba Riziki alisimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Mwanangu yuafa na wewe watufundisha? Hii ni madrasa?"

Daktari hakunyanyuka. "Dawa yenyewe haijafika, Baba Riziki. Ingekuwa iko hapa mkononi ningewakimbiza. Tuna usiku mmoja wa bure. Sitaki muupoteze kwa kuniheshimu mimi."

Alipofika mlangoni akanigeukia. "Mjomba. Usije na maneno mazuri. Njoo umeelewa."

Nilikwenda nyumbani na maneno mazuri yakinifuata kama nzi. Sikuyataka hata moja.

Kesho yake shemeji yangu alijieleza vizuri, kwa ufupi, kama anayeeleza injini. Mimi nilijieleza vibaya, akanirudisha nyuma mara mbili. Kisha akamgeukia Mwanasiti. Dadangu ni mshonaji. Ana cherehani barazani kwake, na sare za shule nusu ya mtaa zimepita mikononi mwake. Aliikunja na kuikunjua shuka iliyokuwa karibu, kisha akasema bila kuinua macho:

"Ni kama kuna fundi ashonaye nguo za wakubwa. Wengine zimewakaa, wengine zimewabana. Sasa twampa kitambaa cha mtoto akate. Hajawahi kushona za mtoto, apima kwa macho. Na kitambaa chenyewe ni hicho kimoja. Akikosea, hakuna dukani."

Daktari alifumba macho kidogo. "Ndiyo, Mama Riziki," alisema. "Ndiyo hivyo hasa." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia yeye akisema neno hilo kwa mtu mwingine.

Mwanasiti akakubali. Tukatia sahihi. Tukaanza kuingoja dawa.

Nikikumbuka siku zile nakumbuka simu zaidi ya watu. Kibali kimetoka, kibali kimerudishwa kwa sababu ya neno moja, kimetoka tena. Dawa iko angani. Dawa iko Nairobi, imewekwa katika sanduku la baridi. Dawa iko Mombasa. Dawa iko kwenye foleni ya feri Likoni, na sote tuliwaza barafu ndani ya sanduku lile inavyoyeyuka, tukalitukana jua. Na Riziki alikuwa akivimba uso, na siku moja akasema taa ya wodi ina moshi. Daktari akamwinamia na tochi yake, akaliangalia jicho la kushoto kwa muda, akanyanyuka akiwa mtulivu kabisa.

Sanduku lilipofika, Daktari aliliweka juu ya meza ya wauguzi, akalifungua, akahakikisha ni yenyewe, kisha akaja kitandani. Tulijua atakalosema.

"Mama Riziki, nauliza tena. Imefika. Nimpe?"

Na dadangu akasema, "La."

Shemeji yangu aliita jina lake, taratibu, kama anayemwamsha.

"La," akasema tena. "Ilipokuwa mbali niliweza. Sasa nimeliona sanduku. Nikisema ndiyo na akafa, nitakuwa nimemuua mimi kwa ulimi wangu. Akifa kwa fangasi, nitasema ni Mungu. Niacheni."

Baba Riziki alinishika mkono. "Sema wewe," alininong'oneza. "Wewe ndiye mjomba. Ukisema, atafuata. Sema, yakhe, nakuomba."

Nilifungua mdomo. Daktari aliinua kiganja kuelekea kwangu bila kunitazama, nikanyamaza.

Miaka yote amewafundisha watu kwamba wanaweza kukataa. Aliwaambia hata waliotaka kukubali. Sasa kakataliwa, na sanduku liko wazi, na mtoto anapumua kwa kukoroma. Nilimwona akiwa na rangi ya majivu. Alipiga magoti kando ya kiti cha dadangu, daktari mzima, juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Alikuwa akingoja, kama alivyojua kungoja. Lakini safari hii nilihisi kwamba hakuwa na la kufanya baada ya kungoja.

Mwanasiti ndiye aliyesema. "Wewe. Angekuwa wako?"

Swali hilo kila mzazi amemuuliza, na kila mzazi amepewa jibu lile lile: hilo silijibu, kwa sababu nikilijibu litakuwa amri, na amri yangu haitakusaidia mwanao akiharibikiwa. Wauguzi walilijua jibu hilo kwa moyo. Mmoja wao aliyekuwa dirishani aligeuka, kungojea kulisikia.

Daktari akasema, "Ningempa."

Kisha, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa taabu: "Ningempa, na ningekuwa naogopa hivi hivi ninavyoogopa sasa. Naogopa sana, Mwanasiti."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Dadangu alimtazama kwa muda. Akaishika ile mikono yake, akaigeuza, akaiona inatetemeka. Ile mikono.

"Haya," alisema dadangu. "Mpe."

Dawa haikuwa na rangi. Iliingia kama maji, na tulikaa tumeizunguka tukimtazama mtoto kama watu wanaotazama chungu kisichochemka. Hakutetemeka. Homa haikushuka siku hiyo. Baadaye ilianza kushuka kwa kusitasita, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu anayepapasa ngazi asizoziona. Damu ikapelekwa Mombasa, ikarudi bado chafu. Ikapelekwa, ikarudi na shaka. Mama yangu alipoanza kusema dawa ni ya ajabu, Daktari alimkatiza kwa ukali ambao hakuwahi kumtolea.

"Usiseme hivyo, mama. Mtoto mmoja si jibu. Huenda ni dawa, huenda ni mwili wake, huenda kesho tukalia. Mtu akikuuliza sokoni, mwambie hatujui."

Tangu siku ile ya sanduku alikuwa amebadilika kwetu. Alikuja kitandani kama kawaida, alipima, aliandika, alimwuliza Riziki habari za siafu. Lakini hakukaa tena. Dadangu alipomsogezea kiti alisema ana haraka. Hakuja kunywa chai kwa Mama, na jogoo akawika bila mshitaki.

Kisha akahamishwa. Uhamisho ulikuja ghafula, kama unavyokuja kwa watumishi wa serikali, na kwa siku zile zile Riziki akapelekwa Mombasa kwa sababu ya jicho. Tulirudi mara moja kuchukua nguo tukakuta nyumba ya nyuma imefungwa. Hakuaga. Mama yangu alisimama ukutani akasema, "Kumbe mtu wa bara ni wa bara," na niliona kwamba ameumia.

Mombasa ilituchukua muda mrefu. Sikusikia habari za Daktari tena. Yeye alikuwa na namba zetu zote, na hakupiga.

Mwaka huu, shemeji yangu na mimi tulikwenda Kinango siku ya mnada wa mifugo. Ukame ulikuwa umebana, vumbi linaingia mpaka menoni, na mbuzi walikuwa wengi na wamekonda. Baba Riziki alimchagua beberu mweusi mwenye baka jeupe, akaniachia nimshike na yeye akaenda kutafuta pikapu. Nilikuwa nimesimama hapo, kamba mkononi, nilipomwona.

Alikuwa ng'ambo ya zizi, na kikapu cha nyanya, amevaa kofia ya ukili. Alikuwa amepungua. Aliniona, akainua mkono, akatabasamu, kisha macho yake yakateremka kwenye kamba, yakaifuata kamba mpaka kwa mbuzi. Tabasamu likabaki usoni peke yake.

Nikaelewa anachokiona. Mjomba, mnadani, na beberu mmoja mzima. Mbuzi wa namna hii kwetu hununuliwa kwa jambo la furaha, na hununuliwa vile vile kwa hitima, mtu anaposomewa baada ya kuzikwa. Kwa kumtazama mbuzi huwezi kujua.

Alikuja polepole kati ya wanyama. "Mjomba," alisema. "Hamjambo?" Nami nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akauliza habari za Mama yangu. Akauliza habari za kazi Galu, kama watalii wamerudi. Akasema Kinango maji ni shida, wanaletewa kwa gari la bowza. Akauliza habari za Baba Riziki, kama boti bado zinamletea kazi. Aliuliza kila kitu kilichoweza kuulizwa duniani, na macho yake hayakuondoka kwa mbuzi. Alikuwa amekishika kikapu chake hivi kwamba nyanya moja ilipasuka, maji yake yakamchuruzika mkononi na hakuyahisi.

"Ni wa nadhiri, Daktari," nikasema. "Mama aliweka nadhiri. Riziki amerudi shule."

Alitafuta kitu cha kukalia, akakuta gunia la pumba la mtu, akalikalia.

"Jicho?" aliuliza baadaye.

"La kushoto haoni vizuri. Amepewa miwani. Yuaificha kila siku, twaitafuta mtaa mzima."

"Figo?"

"Zinapimwa. Jumatatu tuna kipimo kingine. Bado hatulali kipimo kikikaribia."

"Ndivyo itakavyokuwa," alisema. "Kwa muda." Akajifuta uso kwa mkono wenye nyanya, ukabaki na mstari mwekundu shavuni. "Namba zenu ninazo. Nilikuwa naifungua ya mama yake, naitazama. Siku nyingine nilikuwa na kidole juu kabisa. Nilimsukuma, mjomba. Aliniambia la, na la yake nikaivunja. Kama angekufa, lile neno ndiyo lingekuwa langu, na nilimtwisha yeye."

"Yeye hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

Mwenye gunia alikuwa amekuja, anatutazama kwa mshangao, hajui kama amfukuze mwanamke huyu au ampe maji. Nikamwambia Daktari nilivyoyasikia kwa dadangu, barazani, mguu wake ukiwa kwenye cherehani.

"Anasema wote waliomzunguka walikuwa wakimwambia usiogope. Akaona basi yuko peke yake. Anasema wewe ulipomwambia waogopa, alipata mwenzake."

Daktari aliinamisha kichwa. Mabega yake yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na sikutazama, kwa heshima. Beberu alikuwa akivuta, ameziona nyanya.

Baba Riziki akatokea na pikapu, akashuka, akamwona ni nani aliyekaa kwenye gunia. Alimwamkia kwa mikono miwili. Kisha akaitwaa ile kamba kwangu, akampa Daktari aishike, wakati yeye na mimi tukifungua bodi ya nyuma. Beberu akavuta kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye kikapu, na Daktari akavutwa akasimama wima, kofia ikaanguka vumbini, akaikaza kamba kwa mikono yote miwili.

"Huyu ana nguvu!" alipiga kelele.

"Mshike," shemeji yangu akasema. "Mshike hivyo hivyo, Daktari. Yuaja."